Shayiri Iliyovunwa Makao Makuu

Nchi yetu ipo, msibishe. Jina lake silitaji kwa sababu liko mbele ya kamati, na kamati ikishamaliza chai itatujulisha tunaitwaje. Kwa sasa ijulikane tu kwamba ni nchi yenye bendera, wimbo na Wizara ya Mavuno Tarajiwa. Zamani tulikuwa na Wizara ya Kilimo kama watu wengine, ikaonekana inachafua viatu vya viongozi. Wataalamu wakashauri, na walishauri vizuri, kwamba mavuno halisi yana matatizo mengi. Yanachelewa, yanaliwa na panya, na mwaka mwingine hayaji kabisa. Mavuno tarajiwa hayana tabia hizo.

Ndipo kikanunuliwa Kielelezo. Kielelezo ni programu ya kompyuta inayootesha mazao bila shamba. Unaiambia udongo ulivyo, mbegu ni ya aina gani, umepanda lini, jua ni kali kiasi gani na mvua imenyesha milimita ngapi, nayo inakukuzia mmea siku kwa siku mpaka inakwambia utavuna tani ngapi. Sitii chumvi, kitu chenyewe ni kizuri. Nimeambiwa nchi nyingine wanakitumia kumwonya mkulima kabla hajapanda. Sisi tulikiendeleza zaidi, kwetu kinavuna kabisa.

Kielelezo ndicho kilichoamua kwamba Wilaya ya Kavuni, ambayo mvua yake ni ya kuombea, inafaa shayiri. Watu wa Kavuni walikuwa wakila mtama na uwele, mazao ambayo hayakuwemo kwenye orodha ya Kielelezo kwa kuwa waliokitengeneza hawakuwahi kuyaonja. Shayiri ilikuwemo. Shayiri ni nafaka ya kutengenezea bia, na kiwanda cha bia kiko makao makuu, kwa hiyo kila mtu aliridhika isipokuwa wakulima, ambao hawakuulizwa. Udongo wa kupima ulichotwa kwenye vyungu vya maua vya wizara, maana gari la kwenda Kavuni lilikuwa limemsindikiza waziri uwanja wa ndege. Kisha ikatoka amri mtama ung'olewe, ukang'olewa.

*

Mimi naitwa Chilewa, Msoma Mvua Daraja la Tatu, Wilaya ya Kavuni. Kazi yangu ni kwenda kwenye kipimamvua saa tatu kamili asubuhi, kutazama maji yamefika milimita ngapi, na kuandika kwenye fomu. Fomu inakwenda makao makuu, Kielelezo kinakunywa mvua yangu, na shayiri inakua. Msimu ule wa kwanza wa shayiri niliandika sifuri. Kesho yake nikaandika sifuri. Niliandika sifuri siku kumi na tisa, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu mvua haikunyesha.

Siku ya ishirini nikapata barua ya onyo. Ilieleza kwamba katika mfumo wa wizara, ukiandika sifuri maana yake hukwenda kazini. Nilijibu kwa adabu kwamba nilikwenda, na mvua ndiyo haikuja. Nikapewa onyo la pili, kwa kumsingizia mwenzangu. Onyo la tatu lilikuja na ufumbuzi: kama kifaa hakipati maji pale kilipo, basi kimewekwa mahali pabaya, na kihamishiwe mahali penye ulinzi, usafi na bendera.

Katika wilaya yetu mahali penye vitu vyote hivyo ni pahali pamoja tu, bustani ya Mkuu wa Wilaya. Kanali mstaafu Ruhinda ni mtu mpenda maua, akakubali kwa moyo mkunjufu. Kipimamvua kikasimikwa katikati ya mawaridi yake. Bustani ile inamwagiliwa kwa mpira Jumanne na Ijumaa, kwa maji yanayoletwa na lori kutoka wilaya jirani. Jumatano ya kwanza nilikuta milimita kumi na nane. Nikatazama juu, sikuona hata wingu la kusingizia. Nikamwuliza mtunza bustani, Mzee Sandali.

"Mzee, haya maji ni yako?"

"Ya Mkuu wa Wilaya."

"Sasa nayaandikaje?"

"Wewe si unaandika yaliyomo? Yamo. Andika, bwana, niache nipalilie."

Fomu haina sehemu ya kueleza maji yametoka wapi. Nikaandika kumi na nane, na wiki ile ile nikapata barua ya pongezi. Nataka ieleweke kwamba sikuandika uongo hata siku moja. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu wakati ule, na haijanisaidia.

*

Shayiri ya Kavuni ilifika kwenye kifundo cha mguu, ikageuka njano, ikalala. Shayiri ya makao makuu ilifika kiunoni. Ilichanua siku ya hamsini na nane, ikajaza punje, na siku ya tisini na nne ikawa imekomaa, tayari kwa mgeni rasmi. Tuliona sherehe kwenye televisheni ya ofisi. Skrini ya kompyuta ilizungushiwa utepe, bendi ya polisi ikapiga, na Waziri, Mheshimiwa Batenga, akiwa amevaa gambuti na kofia ya pama, akabonyeza kitufe kilichoandikwa VUNA.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo maadui wa maendeleo wanaodai kwamba Kavuni ni kame. Nawauliza, ukame gani huu unaotoa tani mbili nukta nane kwa hekta? Nimevuna mwenyewe kwa kidole hiki! Mimi sikutoka jasho, na wakulima wangu hawakutoka jasho. Haya ndiyo maisha tuliyowaahidi!"

Makofi yakalia. Msaidizi wake akakifuta kile kidole kwa kitambaa cheupe. Mavuno yakaingizwa kwenye ghala la taifa, ambalo liko ukurasa unaofuata wa Kielelezo.

Kwa kuwa Kavuni ilikuwa imevuna, jina lake likafutwa kwenye orodha ya wilaya zinazopewa mahindi ya msaada. Sikuona wa kumlaumu. Mtu hawezi kuvuna tani mbili nukta nane kisha akasimama mlangoni kuomba uji.

*

Hapa inabidi nimtaje mama mkwe wangu, Mama Ndalu, na naomba radhi, kwa sababu kwetu mkwe hatajwi ovyo. Mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Katika miaka saba nilikuwa nimeuona mgongo wake tu. Mke wangu alifariki akimzaa binti yetu, Semeni, na Mama Ndalu akamchukua mtoto kwenda kumlea kijijini Ikungulu. Mimi nilikuwa napeleka sabuni na sukari kupitia kwa majirani. Semeni sasa ana miaka minne, na ndiye mtu pekee niliyenaye hapa duniani.

Basi mchana mmoja mama mkwe akatembea kilomita ishirini na mbili, akaingia ofisini kwangu, akageukia ukuta. Nami nikageukia dirisha. Akaanza kuzungumza na kalenda.

"Hodi humu. Namtafuta baba Semeni, kama yupo."

"Yupo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mtoto hali."

"Hataki kula?"

"Anataka. Hakuna. Mbegu tumemaliza, mlenda wa porini tumemaliza, juzi tumechemsha ngozi ya kigoda. Miguu imemvimba. Nikimbonyeza, kidole kinaacha shimo. Sikuja kulalamika. Nimekuja kuuliza, kwa kuwa ni wewe unayeandika mvua. Hiyo mvua ya redioni, baba, ilinyesha wapi?"

Nilikuwa nimetazama dirishani, na nje ya dirisha mpira ulikuwa unamwagilia mawaridi. Nikasema, "Nitalishughulikia, mama." Hilo ndilo neno letu la serikalini tukitaka mtu aondoke. Nililisema kwa mwanamke aliyemlea mwanangu, nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa na nusu mkate mezani. Sikuweza kumpa mkononi, mila hairuhusu, kwa hiyo niliuweka juu ya kiti nikatoka nje. Niliporudi haukuwepo. Alikuwa ameufunga kwenye pindo la khanga, hakuumega hata kidogo.

Nikampeleka kwa Afisa Misaada, Bwana Mruma, mimi mbele na yeye hatua kumi nyuma.

"Ikungulu?" Bwana Mruma akafungua jalada. "Ikungulu wameshiba. Bibi, shamba lako hekta ngapi?"

"Moja, baba."

"Basi una tani mbili nukta nane. Umezificha wapi?"

Mama Ndalu akafungua pindo jingine la khanga, akaweka mezani shina moja la shayiri, kavu, refu kama kidole. "Hizi hapa," akasema.

Bwana Mruma alilinganisha lile shina na picha iliyoletwa na wizara. Aligeuza picha juu chini, akarudisha. "Hii siyo," akasema kwa upole. "Ya kwako inafika kiunoni." Akamwandikia onyo la kuficha chakula, akamwomba aweke dole gumba hapa, na hapa.

*

Najua inavyofanya kazi nchi hii. Barua ya njaa haijibiwi, kwa hiyo niliandika makao makuu kwamba shayiri ya Ikungulu imezidi ile ya Kielelezo. Siku mbili baadaye gari likafika.

Aliyeshuka alikuwa Daktari Aikande, mwanamke kijana, mmoja wa waliokipika Kielelezo chenyewe. Nilimpeleka Ikungulu. Alisimama shambani kwa Mama Ndalu, mkononi ana kompyuta yake ndogo iliyomwonyesha shayiri ya kiunoni, miguuni ana vumbi. Aliinama akachota udongo, akaupukutisha. Watoto walikuwa wamekaa ukutani bila kucheza. Semeni aliponiona alinyoosha mikono nimbebe, na nilipombeba nikashtuka jinsi alivyo mwepesi. Daktari Aikande aliitazama miguu yake, akaomba tuondoke.

Tuliporudi mjini alitaka kukiona kipimamvua. Alisimama mbele ya mawaridi muda mrefu.

"Kaka Chilewa, hiki kitu kimekaa hapa tangu lini?"

"Tangu onyo la tatu, daktari."

"Na huo mpira?"

"Jumanne na Ijumaa."

Alianza kucheka, kisha akaacha. "Kielelezo hakina kosa, kaka. Hakina macho. Kinamwamini anayekilisha, kama mtoto anavyomwamini baba yake."

Hakukusudia kunichoma, lakini nilichomeka. Akakaa pale pale kwenye ukingo wa matofali, akafuta mvua yangu yote, akaandika sifuri. Mfumo ukakataa. Akaandika nukta sifuri moja, ukakubali. Tukatazama kwenye skrini shayiri inachipua, inasimama kwa taabu, inageuka njano, na siku ya thelathini na nne inakufa. Nilifurahi kuiona ikifa. Nilimshika mabega Mzee Sandali, aliyekuwa anapalilia, nikamtikisa.

"Hii naipeleka leo," Daktari Aikande akasema. "Lakini wataitaka sahihi ya mtu, kwamba mvua iliyoandikwa haikuwa mvua."

Kwa sheria zetu huko ni kuihujumu mvua, kifungo miaka sita. Nilifikiria ile miguu ya Semeni. Nikasaini.

*

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja. Wizara ilikiri kwamba shayiri ya Kavuni ilikufa siku ya thelathini na nne, na ikanishukuru kwa uzalendo. Iliendelea kueleza kwamba matokeo hayo sahihi yamepitishwa kwenye Kielelezo cha Kaya, ambacho kazi yake ni kukokotoa kaya isiyo na mavuno huishi siku ngapi. Kwa hesabu hiyo wakazi wote wa Ikungulu, watu sitini na mmoja, walifariki Jumapili iliyopita. Mahindi ya msaada hutolewa kwa walio hai. Wizara ilinipa pole kwa kumpoteza binti na mkwe, na kwa kuwa nimefiwa, mashtaka yangu yaliahirishwa mpaka arobaini ipite, ikihesabiwa tangu siku nitakapopokea rambirambi.

Nilimpigia simu Daktari Aikande, nikampigia kelele kama yeye ndiye aliyewaua.

"Nimewaambia wako hai," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimewaambia nimewaona kwa macho. Wakaniuliza kama nina jedwali. Nimehamishiwa Idara ya Samaki Tarajiwa, kaka, naanza kesho." Kisha akasema, "Subiri. Umesema wametaja rambirambi? Upo waraka. Kijiji kikifiwa kwa pamoja, serikali inatoa mahindi ya kulisha watu msibani. Debe moja kwa kila marehemu. Ziombe hizo."

Nikakata simu, nikaenda Ikungulu kwa miguu kuwaomba watu wafe.

Walikusanyika kwenye kivuli cha ukuta wa shule, waliokuwa na uwezo wa kutembea. Niliwaeleza kama nilivyowaelezeni ninyi. Hakuna aliyecheka. Bwana mmoja, Mazoya, alisema yeye hawezi kufa kwa sasa kwa sababu ana kesi ya mbuzi mahakamani, na mkewe akamwambia mbuzi mwenyewe alishakufa. Mama Ndalu akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Kufa kwenyewe kunataka nini?"

"Orodha ya majina, mama. Na sahihi ya ndugu aliye hai, ambaye ni mimi. Na makaburi yawe yameshachimbwa, yako wazi. Rambirambi hutolewa kabla ya kuzika. Waraka unasema baada ya kuzika hakuna wa kulishwa."

"Sitini na moja?"

"Sitini na moja."

"Haya," akasema. "Leteni majembe."

*

Ardhi ya Kavuni wakati wa kiangazi inarudisha jembe. Watu walichimba kwa zamu, kila mtu mapigo matano kisha anakaa chini. Tulimaliza kwa siku tisa. Mzee Mbeleje alikufa kweli siku ya tano, akiwa ndani ya kaburi lake mwenyewe, na hesabu haikubadilika. Tulimfukia kwa udongo mwepesi, tukaendelea.

La Semeni nilichimba mimi. Alikuwa amekaa pembeni juu ya khanga ya bibi yake, miguu ameinyoosha mbele kwa kuwa haikunjiki.

"Baba, hili la nani?"

"La serikali, mama."

"Mbona fupi?"

Nikasema jembe limegonga jiwe. Niligeuka upande mwingine nikaendelea kupiga, nilikuwa nalia na sikutaka auone uso wangu.

Bwana Mruma akafika na lori na utepe wa kupimia. Alipima makaburi machache, akahesabu yote, likiwemo lililofukiwa, ambalo alilikubali baada ya kujadiliana na dereva. Kisha akasimama kwenye kivuli cha lori na kuita majina, na kwa kila jina akatia vema na kushusha debe. Marehemu walikuwa wamekaa mstarini wakimtazama.

"Semeni Chilewa, miaka minne."

"Abee!" Semeni akaitika, kama bibi yake alivyomfundisha.

Bwana Mruma akainua macho. Nilidhani tumekwisha. Alimtazama mtoto, akatazama orodha, akatia vema. "Huyu marehemu amelelewa vizuri," akasema, akanipa kalamu. Nikasaini kwamba mwanangu amekufa, huku ameshika mguu wa suruali yangu.

Siku ile moshi ulionekana kila nyumba. Mama Ndalu alimpa Semeni uji mwembamba kijiko kimoja kimoja, akakataa kumwongeza, akakaa naye, akampa tena. Kufikia wiki ya tatu uvimbe ulikuwa umeshuka na mtoto alikuwa anamfukuza kuku wa kuwaza, maana kuku halisi tulishawala. Niliwahi kuwa na furaha nyingine maishani, lakini hii ilinitia hofu, kwa kuwa nilikuwa najua debe moja lina mahindi kiasi gani.

Nimeandika tena makao makuu. Wamejibu haraka safari hii. Rambirambi hutolewa mara moja kwa kila marehemu. Mbegu za msimu ujao zinagawiwa kwa kufuata daftari la wakazi, na Ikungulu haina wakazi. Kama kuna watu wanaoonekana kijijini, Mkuu wa Wilaya aarifiwe ili wavamizi hao waondolewe.

Leo ni siku ya thelathini na sita. Mahindi yamebaki ya siku nne, na arobaini yangu inakwisha siku hiyo hiyo, askari watakuja kunichukua. Asubuhi hii nilichukua jembe nikaanza kufukia makaburi, maana watoto sasa wana nguvu ya kukimbia na mmoja jana alitumbukia akavunjika mkono. Nilifukia kumi na nane. Nilipofika kwenye lile fupi, nikasikia Mama Ndalu nyuma yangu.

"Baba Semeni, hilo la mtoto liache."

"Mama, atatumbukia."

"Nitamwangalia," akasema. "Liache hivyo hivyo. Wewe hutakuwepo, na sisi hatutakuwa na nguvu za kuchimba tena."